Maswali ya Wafugaji: Jack Russell, Kuku na Shimo Chini ya Michongoma

Barua za safari hii zote zinamhusu mbwa mmoja: Jack Russell, yule teria mdogo mweupe mwenye mabaka ya kahawia. Zimetoka Arusha na Moshi, na karibu zote zina malalamiko yale yale, kwamba mbwa hatulii. Tumeanza na swali jepesi.

Nimeuziwa mtoto wa mbwa wa miezi minne, nikaambiwa ni Jack Russell halisi. Jirani anacheka, anasema ni koko mwenye madoa. Nitajuaje?
*Msomaji, Njiro, Arusha*

Kwa miezi minne ni mapema kutoa hukumu, ila chukua futi ya fundi cherehani uiweke tayari. Akifikisha mwaka, mpime kutoka ardhini hadi juu ya mabega. Wengi hukosea wakapima hadi utosini. Jack Russell husimama sentimita 25 hadi 30, na uzito wake ni kama kilo moja kwa kila sentimita 5 za kimo, yaani kilo 5 hadi 6 hivi. Akiwa na miguu mirefu, sentimita 33 hadi 36, huyo ni ndugu yake, Parson Russell. Akivuka 38 na kilo 9, kuna damu nyingine humo.

Kipimo ambacho wenye kumjua hukiamini zaidi ni kifua. Mshike kwa viganja viwili nyuma ya viwiko vya miguu ya mbele. Vidole gumba vikutane mgongoni, vingine vikutane chini ya kifua. Mzunguko hapo ni sentimita 40 hadi 43, na ukibana kidogo kifua kinakubali, hakigomi kama pipa.

Sababu ya kifua hicho ndiyo sababu ya mbwa mwenyewe. Mchungaji John Russell, kasisi wa Devon huko Uingereza aliyezaliwa mwaka 1795, alipenda kuwinda mbweha. Mwaka 1819, akiwa mwanafunzi Oxford, alimnunua kwa muuza maziwa mbwa jike mweupe aliyeitwa Trump, na huyo akawa bibi wa ukoo mzima. Kazi ya mbwa ilikuwa kuingia shimoni, kumbwekea mbweha hadi atoke, bila kumuua. Kifua kipana kingekwama. Na ule weupe ni ili mwindaji asimchanganye na mbweha wanapochomoka pamoja.

Manyoya hayathibitishi chochote, kwa kuwa yapo laini, ya kukwaruza, na ya katikati. Ila muulize aliyekuuzia mambo mawili: kumwona mama wa mbwa, na kadi ya chanjo. Koko mwenye madoa aliyechanjwa ni mali kuliko Jack Russell halisi asiye na kadi.

Mjukuu wangu aliniletea mbwa huyu akaenda zake chuoni. Ameshaua kuku wanne, amechimba chini ya migomba, na kila siku anatoka kwa kupita chini ya michongoma. Nimemchapa, nimemfunga mnyororo, sasa anabweka usiku kucha. Nimrudishe?
*Mzee mstaafu, Kibosho, Moshi*

Shikamoo mzee wetu. Pole kwa kuku. Usimrudishe bado, ila viboko na mnyororo viache leo. Kuchimba, kukimbiza kinachoruka na kubweka si utundu aliojifunza kwako. Vizazi vingi vilichaguliwa kwa mambo hayo hayo. Ukimfunga, unaondoa kazi lakini hamu inabaki, nayo inatokea mdomoni. Ndiyo kelele unazozisikia.

Anza na uzio, maana mengine yote hayana maana mbwa akiwa barabarani. Michongoma humzuia mtu na ng'ombe, Jack Russell inamkuna mgongo tu. Upande wa ndani wa ua simamisha wavu mgumu wa nyaya wenye matundu yasiyozidi sentimita 5. Ule wavu mwembamba wa kuku ataung'ata hadi utoboke. Kimo kiwe mita 1.5 au zaidi, kwani mbwa hawa huruka juu sana hata wakiwa wamesimama tu. Chini usiishie usawa wa ardhi: zika sentimita 30 kwenda chini, kisha ukunje sentimita 45 kuelekea ndani ya kiwanja, mfano wa herufi L, halafu ufukie. Mbwa huanza kuchimba pale pale wavu unapokutana na ardhi. Akikuta wavu chini ya makucha anahamia pengine, na akili ya kurudi nyuma nusu mita aanzie huko hana. Wengi hukunja kuelekea nje, na hapo ndipo kazi yote inapoharibika.

Geti nalo. Lala chini uangalie mwanga unaopita. Uwazi wa sentimita 10 unamtosha, kwa kuwa panapopita kichwa chake mwili hufuata. Mwaga kizingiti cha zege.

Pili, mpe mahali pa kuchimba. Chagua kivuli mbali na migomba, chimba shimo la mita 1.5 kwa mita 1, kina nusu mita, ulijaze mchanga uliochanganywa na udongo mwepesi. Siku ya kwanza fukia vipande vya maini yaliyochemshwa, sentimita 5 tu kwenda chini, mbwa akikutazama. Kesho sentimita 10, keshokutwa 20. Baada ya wiki weka kitu kila siku lakini mahali tofauti. Ukimkuta anachimba kwenye mgomba, usipige kelele. Mwite, mpeleke shimoni kwake, mfukulie kidogo kwa mkono. Kwenye mashimo aliyokwisha kuyaanza weka mawe makubwa.

Tatu, kuku. Hapa tutasema wazi ingawa si habari njema: unaweza kumfundisha kuwapuuza ukiwepo, lakini usimwache peke yake na kuku hata baada ya miezi sita ya utulivu. Kuku mmoja akipapatika, masomo yote yamekwisha. Kwa hiyo vifaranga viwe bandani. Mafunzo ni hivi. Mfunge kamba ya manila ya mita 3 kwenye mkanda wa kifuani, si shingoni, kwani akichomoka mbio atajiumiza koo. Simama mita 10 kutoka kwa kuku. Atawakodolea macho, masikio yamesimama mbele, mguu mmoja umeinuka. Usivute. Subiri. Akigeuza kichwa kukutazama wewe, hata kwa sekunde, mpe kipande cha ini kisichozidi punje ya harage. Dakika tano, asubuhi na jioni. Ukiona vipindi vitatu mfululizo anageuka upesi, sogea mita moja. Akianza kulia au kuvuta, umesogea mapema, rudi nyuma mita mbili. Ile desturi ya kumning'inizia kuku aliyekufa shingoni haifundishi kitu. Anaozewa na mzoga tu, na funza wanamwingia vidonda.

Nne, achoke kabla ya usiku. Anahitaji saa moja ya matembezi kwa siku, bora igawanywe mara mbili. Kama miguu yako haikubali milima ya Kibosho, mlipe kijana wa jirani. Tena kuchoka kwa pua kunazidi kuchoka kwa miguu. Badala ya kumwekea chakula kwenye bakuli, kitawanye ndani ya boksi lililojaa magunzi na maganda ya mahindi akitafute. Dakika kumi na tano za kunusa humo humlaza kuliko mbio za kiwanja kizima.

Mambo haya manne yachukue mwezi na nusu. Yasipobadilika, tafuta mwenye kiwanja kisicho na kuku, wala si dhambi.

Kupe wananimaliza. Jirani ana ng'ombe, naye amenipa dawa yake ya josho nimwogeshe mbwa. Nichanganye kiasi gani?
*Mama wa nyumbani, Ngaramtoni, Arusha*

Mama, kwanza soma chupa. Kama maelekezo hayamtaji mbwa, irudishe kwa jirani pamoja na asante. Dawa za josho si za aina moja, na baadhi, zikikosewa kipimo, zinaweza kumuua mbwa wa kilo sita.

Kama ni amitrazi ya asilimia 12.5 na maelekezo yanamtaja mbwa, kipimo cha kawaida cha kupe ni mililita 2 katika lita 1 ya maji. Kama chupa yako inasema vingine, fuata chupa. Pima kwa bomba la sindano, usipime kwa kifuniko. Lita 2 zinatosha mbwa huyu. Vaa glavu, mwogeshe kwa sponji kuanzia shingoni hadi mkiani na katikati ya vidole, ukikwepa macho, mdomo na ndani ya masikio. Usimsuuze. Akauke kivulini huku umemzuia asijilambe. Mtoto wa chini ya miezi mitatu, jike mwenye mimba au anayenyonyesha, na mbwa mwenye kisukari wasiguswe na dawa hii. Akisinzia kupita kiasi, akiyumba au mapigo ya moyo yakipungua, mpeleke kwa daktari wa mifugo bila kusubiri asubuhi. Na usiiongeze ukali ukidhani kupe watakufa haraka zaidi.

Ila jirani na ng'ombe wake huenda hawana hatia. Kupe anayesumbua mbwa zaidi ni yule wa rangi ya kahawia ambaye humpenda mbwa katika hatua zake zote tatu, na kila hatua akishiba hudondoka. Hadondokei malishoni. Anapanda ukuta wa banda lako na kujificha kwenye nyufa. Jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu humo. Ndiyo maana unamwogesha Jumamosi, Alhamisi wamerudi. Kwa hiyo toa magodoro na magunia yote bandani, uyachome au uyachemshe. Ziba nyufa kwa saruji. Nyunyizia kuta dawa iliyoruhusiwa kwa mabanda ya mbwa hadi usawa wa kichwa chako, mbwa akiwa nje hadi pakauke. Rudia kila baada ya siku 14, mara tatu, kwa kuwa dawa huua waliopo, mayai hubaki. Wanaoweza kununua vidonge vya kutafuna vya mwezi mmoja au mitatu wavitumie, mradi uzito wa mbwa umepimwa kwenye mizani, na kama amewahi kupata degedege daktari aambiwe kwanza.

Kila jioni mpapase: ndani ya masikio, chini ya kola, kwapani, kinenani, chini ya mkia, katikati ya vidole. Kupe mtoe kwa kibano ukimshika karibu kabisa na ngozi, uvute wima bila kusokota. Mafuta ya taa na njiti ya moto humfanya atapike mate yake ndani ya damu ya mbwa, na mate ndiyo yenye ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe ujue dalili zake. Joto la mbwa mzima ni nyuzi 38 hadi 39.2, hivyo akifika 40 kuna jambo. Finyua mdomo uangalie fizi: ziwe waridi. Fizi nyeupe, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, damu puani, au Jack Russell aliyekataa kuinuka mlio wa sufuria ukisikika, hayo ni ya hospitali siku hiyo hiyo. Vidonge vya homa ya kupe huendelea kama wiki nne. Wengi hukatisha mbwa akianza kula, homa inarudi.

Nampa pumba na dagaa kama mbwa wengine wa mtaa. Mbona anakonda?
*Kijana wa Majengo, Moshi*

Kwa sababu pumba zinajaza tumbo zikatoka zilivyoingia. Tena zina hatari usiyoiona: mahindi yakiota ukungu, sumu yake hujikusanya zaidi kwenye pumba na punje zilizovunjika, na ini la mbwa haliihimili. Fizi zikiwa za manjano umechelewa.

Mbwa wa kilo 6 anayetembezwa vizuri hutosheka kwa siku na ugali au wali gramu 150, nyama ya kuchemsha isiyo na mfupa gramu 100, mboga kama karoti au boga gramu 40, na kijiko kimoja cha chai cha mafuta. Gawa milo miwili. Badala ya nyama waweza kuweka dagaa wakavu gramu 50, lakini waloweke kwanza kwenye maji ya vuguvugu uwakoroge. Angalia chini ya bakuli uone mchanga uliotuama. Siku ya nyama ongeza robo kijiko cha chai cha ganda la yai lililosagwa laini, kwa ajili ya mifupa. Siku ya dagaa hakuna haja. Ini lisizidi siku mbili kwa wiki. Matumbo ya machinjioni yachemshwe hadi yaive, mabichi yana minyoo inayohamia kwa watoto wa nyumbani. Kitunguu hapana, hata kilichobaki kwenye mchuzi. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana. Na msimu wa parachichi, okota kokwa zote uwanjani: nyama ya tunda si tatizo kubwa, kokwa ndiyo inayoziba utumbo mwembamba wa mbwa wa kimo hiki.

Ukitumia chakula kikavu cha dukani, gramu 120 hadi 150 kwa siku. Papasa mbavu: zihisike kama mifupa iliyo nyuma ya kiganja chako. Zikihisika kama konzi, ongeza. Usipozipata, punguza.

Duka letu la nafaka lina panya wengi. Jack Russell atatusaidia, au tuendelee na sumu?
*Mfanyabiashara, karibu na soko la Kilombero, Arusha*

Atasaidia sana, ila chagua kimoja. Sumu na teria havikai nyumba moja. Panya aliyelewa sumu ndiye rahisi kukamatwa, na mbwa akila kadhaa sumu inahamia kwake. Zile za kuzuia damu isigande hazionyeshi kitu kwa siku mbili hadi tano. Kisha fizi zinavuja, anakohoa, tumbo linavimba. Dawa yake ipo, vitamini K1, tena ya wiki kadhaa, ukiwahi. Zile nyingine zenye zinki hutoa gesi tumboni, hivyo ukimpeleka akiwa anatapika fungua vioo vya gari, na usimpe chakula njiani. Zile za mitaani zisizo na jina wala karatasi ndizo mbaya kuliko zote: mate yanamtiririka, anatetemeka, na dakika zinahesabika. Maziwa na mafuta ya kula havitibu sumu yoyote kati ya hizo. Chukua pakiti, au mabaki yake, uende nayo kwa daktari.

Kabla hajaanza kazi, apate chanjo ya homa ya mkojo wa panya na irudiwe kila mwaka. Nyingine unazijua: za utotoni huanza wiki ya 6 hadi 8 na kumalizika wiki ya 16, kichaa cha mbwa wiki ya 12 kisha kila mwaka. Magunia yapange juu ya vichanja, sentimita 20 kutoka sakafuni na kutoka ukutani, apate njia ya kupita. Bila hivyo atafumua gunia kumfuata panya, na hasara itakuwa ya mahindi.

Kwa ufupi

*Moshi Februari, joto kali, nimtembeze saa ngapi?* Kabla ya saa 2 asubuhi na baada ya saa 12 jioni. Weka nyuma ya kiganja kwenye lami kwa sekunde saba. Ukishindwa wewe, naye ataungua. Hatakuambia amechoka, atakimbia hadi aanguke, kwa hiyo wewe ndiye utakayesimama.

*Anakimbia, ghafla anainua mguu mmoja wa nyuma hatua tatu nne, kisha anaendelea kama hakuna kitu.* Kile kifupa cha mbele ya goti kinateleza kutoka mahali pake, jambo la kawaida kwa mbwa wadogo. Mpunguze uzito, aonwe na daktari, na usimzalishe.

*Jicho moja limekuwa jekundu, analifinya, na lina ukungu wa buluu.* Kwa aina hii, hasa kati ya miaka 3 na 8, lenzi ya jicho inaweza kung'oka na kupandisha presha ndani. Ni dharura ya leo. Jicho la pili nalo lichunguzwe hata kama ni zima.

*Ana manyoya mafupi, mbona nyumba nzima imejaa nywele nyeupe?* Hupukutisha mwaka mzima. Brashi ya mpira mara mbili kwa wiki. Kuoga mara moja kwa mwezi kunatosha, kwa sabuni ya mbwa. Sabuni ya unga inamkausha ngozi.

*Naweza kuwa na madume wawili?* Dume na jike aliyefungwa uzazi wanapatana zaidi. Madume wawili wa aina hii wasiachwe pamoja mkitoka nyumbani.

Tuko Usa River, nyoka ni wengi na mbwa wetu huwavamia. Juzi swila alimtemea machoni. Tulimpaka maziwa. Tulikosea?
*Dada na kaka wawili, Usa River*

Maziwa si kosa kubwa. Kosa ni kuyatafuta huku maji yapo bombani. Sumu ya mate inaunguza jicho kila dakika inayokaa, hivyo fungua kope kwa vidole na umiminie maji safi mengi, ya uvuguvugu au ya kawaida, kwa dakika 15 hadi 20. Mmoja amshike ndani ya taulo, mwingine amimine kutoka pembe ya ndani kwenda nje. Mzuie asijikune kwa makucha, kisha aonwe na daktari siku hiyo, kwani kidonda cha kioo cha jicho hakionekani bila rangi maalumu ya kukipima. Msimwekee dawa ya macho iliyobaki nyumbani, hasa yenye steroidi.

Akiumwa na nyoka, ni habari nyingine. Mbebeni, asitembee. Msichanje, msifunge kamba, msiweke jiwe la nyoka. Piga simu kwanza kwa daktari uulize kama dawa ya sumu ya nyoka ipo, ili msifike mahali isipokuwepo. Mbwa mdogo hapewi dawa kidogo kwa ajili ya udogo wake: sumu aliyoingiziwa ni ile ile ambayo angeingiziwa mbwa wa kilo 40.

Na uwanjani fyekeni nyasi zifike chini ya kifundo cha mguu, ondoeni rundo la matofali na kuni lililoegemea ukuta. Nyoka hufuata panya, na mbwa wenu huwafuata wote wawili.